Kitulo mwezi wa saba? Ngojeni kwanza: majibu kwa wasomaji wa Dodoma

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache tu uwanda wa Kitulo, ule wa upande wa Makete na Mbeya ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, tukasema ni sehemu nzuri ya kwenda likizo ya kutembea kwa miguu. Basi maswali yakamiminika, na mengi yanatoka Dodoma, sijui ni joto au ni vumbi ila naona watu mmechoka mnataka baridi. Nimechagua haya hapa, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni watumishi sita hapa Mtumba, mji wa serikali, si unajua bunge la bajeti likiisha mwezi wa sita mwishoni ndo na sisi tunapumua, kwa hiyo likizo tunachukua wa saba. Tumepanga siku nne Kitulo, kutembea na kupiga picha za maua. Wa saba ni mzuri?
*Mtumishi, Mtumba*

JIBU: Nzuri kaka. Ntakwambia bila kuzunguka, mwezi wa saba maua hamtayakuta. Mtakuta nyasi za rangi ya kahawia, ukungu wa asubuhi mzito, na baridi ya kugandisha umande, kule usiku wa Juni mpaka Agosti joto linaweza kushuka mpaka sifuri na barafu nyembamba ikakaa juu ya majani hadi jua litoke.

Maua ya Kitulo yanafuata mvua. Yanaanza kuchomoza Novemba, Desemba, yanachanganya vizuri Januari mpaka Machi, ikifika mwisho wa Aprili yanapungua. Sababu yake ni hivi, okidi nyingi za kule sio zile za kuning'inia kwenye miti kama mnazoziona kwenye mahoteli, zinaota ardhini kabisa na chini zina kiazi. Kiangazi chote, baridi yote, hata moto wa nyika ukipita, kiazi kimelala kwenye udongo wa volkano kinasubiri mvua, mvua ikinyesha ndo kinatoa shina na ua. Aina za okidi tu zimehesabiwa kama 45, na mimea yote ya uwandani kama 350. Ndo maana mwaka 2005 pakafanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika ukanda huu wa tropiki Afrika kuanzishwa kwa sababu ya mimea yake hasa na sio wanyama.

Sasa nyie mnataka vitu viwili kwenye tripu moja, kutembea na maua, na kwa Kitulo hivyo vitu vinagombana. Wakati wa maua njia zina matope na mchana radi, wakati njia kavu maua hakuna. Wanaopenda kutembea tu, kupanda vilele na kuona mbali, wanapenda Septemba mpaka mwanzo wa Novemba, baridi imelegea na ukungu umepungua. Kama bosi wenu hana mjadala na likizo ni wa saba tu basi nendeni, ila nendeni mkijua mnaenda kutembea na kuona anga, picha za maua msahau, na msije mkanilaumu. Kama mnaweza kukatakata likizo mkabakiza wiki moja ya mwezi wa pili, mi ningefanya hivyo bila kufikiria mara mbili. Na Februari bunge huwa mnalo lile la wiki mbili tatu hivi, kwa hiyo angalieni ratiba yenu wenyewe mimi sipo huko ofisini.

Siku nne zinatosha ila sio nne za kutembea. Ya kwanza na ya mwisho zinaliwa na barabara.

SWALI: Mambo, mi ni mama wa watoto wawili, miaka 9 na 12. Shule zikifunga Desemba nataka tuendeshe wenyewe na baba yao, tuna IST. Barabara ikoje na watoto watatembea kweli?
*Mama wawili, Ilazo*

JIBU: Poa sana mama. Desemba kwa watoto ni sawa, maua yanakuwa yameanza. Mvua ipo ila haijawa ile ya kukufungia ndani siku nzima.

Barabara niigawe mara mbili. Dodoma mpaka Chimala ni lami yote, inazidi kilomita 500 kidogo, mnatoka kuelekea Iringa mnashuka Mtera, mnapanda Nyang'oro, Iringa, Mafinga, Makambako, alafu Chimala kabla hamjafika Mbeya. IST itatembea vizuri tu, ila kuanzia Iringa vijiji vya kuendesha mwisho hamsini kwa saa ni vingi na tochi za trafiki zipo, baba yao asijifanye ana haraka. Pale Mtera simameni mnunue perege, na mkiwa hapo darajani muwaonyeshe watoto lile bwawa, maana sehemu ya hayo maji imetokea huko huko mnakoenda. Mito inayotoka Kitulo na milima ya Kipengere inashuka bonde la Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita hifadhi ya Ruaha ndo inafika Mtera, inazungusha mashine za umeme, ikitoka hapo inaenda Kidatu kuzungusha tena. Mtoto wa miaka 12 hilo analielewa kabisa na safari inakuwa na maana kuliko kulala kwenye siti ya nyuma na simu.

Chimala kwenda Matamba ndo habari nyingine. Ni mlima, barabara ya vumbi na changarawe inayopanda ukuta wa bonde kwa kona zinazojulikana kama Hamsini na Saba, na ndivyo zilivyo, mmoja wenu akianza kuzihesabu watoto watamalizia. Kiangazi gari ndogo inaweza kujitutumua, lakini Desemba kukinyesha hapana, IST iko chini na udongo ukilowa unateleza. Iacheni Chimala sehemu salama ya kulaza magari, ulizeni gesti mtakayolala, alafu pandeni na gari za wenyeji au mkodi Land Cruiser. Ofisi za hifadhi ziko Matamba kwa hiyo hamtapotea. Kuna njia nyingine ya kutokea Mbeya mnapita Isyonje, barabara ya Tukuyu, hiyo inawafaa wanaotaka kuunganisha na mlima Rungwe.

Jambo moja naomba mnisikilize, msiendeshe Dodoma mpaka Matamba siku moja. Mtafika zile kona giza limeingia na dereva amechoka. Laleni Iringa au Makambako, au Chimala, asubuhi ndo mpande.

Watoto watatembea. Uwandani penyewe ni kama mita 2,600 ila ni tambarare ya mawimbi, sio mlima wa kukwea, saa tatu au nne kwa siku wanaziweza na wao ndo watakuwa mbele. Maporomoko ya Numbe yanawafaa. Wabebee nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa nailoni, mtoto akilowa kule anatetemeka haraka kuliko mtu mzima.

SWALI: Mwandishi, nimestaafu, nina miaka 63 na nina presha ila natumia dawa. Wanangu wananikataza. Naweza kwenda au niwasikilize?
*Mstaafu, Chamwino*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wanao wana hofu ya upendo ila swali lako apaswaye kulijibu ni daktari anayekufuatilia kliniki, nenda ukamwambie wazi kwamba nataka kulala siku tatu mita 2,600 na kutembea saa nne kwa siku, akupime akuambie. Watu wengi ambao presha yao imetulia wanaruhusiwa, ambao inapanda na kushuka huwa wanaambiwa wasubiri. Dawa usiache hata siku moja eti kwa sababu uko safari.

Ninachoweza kukueleza mimi ni hali ya kule. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu. Ukipanda mpaka Kitulo umeongeza kama mita 1,500, hewa inakuwa nyepesi kidogo, na kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu wanaanza kusikia kichwa kinauma, usingizi unakuwa wa kukatika katika, pumzi fupi ukipanda kilima. Kwa wengi inaisha baada ya siku moja. Kwa hiyo siku ya kwanza usitembee mbali, kunywa maji hata kama husikii kiu (kwenye baridi kiu inajificha) na pombe iache kwanza. Kichwa kikiuma sana kikafuatana na kutapika, au unakosa pumzi umekaa tu, au mtu anaongea vitu visivyoeleweka, hakuna kungoja asubuhi, shukeni Chimala hapo hapo. Uzuri ni kwamba kushuka ni muda mfupi tu wa gari.

Fimbo ya kutembelea chukua mzee. Sio kwa sababu ya umri, ni kwa ajili ya matope, hata vijana ningewashauri.

SWALI: Shikamoo anko, tuko watano UDOM mwaka wa pili, hela yetu ni ya mawazo. Tunaweza kwenda kwa bei chee? Na tuvae nini maana mimi baridi ninayoijua ni ya Dodoma mwezi wa sita.
*Mwanachuo, UDOM*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Baridi ya Dodoma mwezi wa sita ile ya upepo asubuhi ukisubiri daladala, kule ndo mchana. Kadiri unavyopanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita, kwa hiyo toa nyuzi tisa au kumi kwenye hali ya hewa ya Dodoma alafu ongeza upepo, ongeza kulowana. Kulowana ndo shida kubwa.

Kwa hiyo jinsi muache chuoni. Jinsi ikilowa inakaa siku mbili na inanyonya joto la mwili, na fulana za pamba vilevile. Nendeni mitumba na akili, tafuteni vitu vitatu: fulana ya michezo ile nyepesi isiyokaa na jasho, sweta la manyoya laini (yale ya fulisi yapo tele na watu wa Dodoma hawayataki kwa hiyo bei mnapanga nyie), na juu yake koti la mvua ambalo kweli linazuia maji, lijaribuni bombani kabla ya kulipa. Soksi nzito jozi mbili au tatu, kofia ya kufunika masikio, glavu. Miguuni kama una buti nzuri sawa, kama huna wala usijinyime kula ukanunue, gambuti. Msicheke. Wakulima wa viazi na ngano wa Makete wanashinda kwenye gambuti mwaka mzima na wao ndo wanajua yale matope, ila vaa soksi mbili na utembee nazo wiki nzima huku kabla hujaondoka zisije zikakuchubua.

Mazoezi mnayo bure, vile vilima vya chuo pandeni shukeni na begi lenye lita kumi za maji mgongoni, jioni tatu kwa wiki kwa mwezi mmoja. Hapo hamna visingizio.

Hela sasa. Viingilio vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa raia wa Tanzania ni vya shilingi na ni vidogo ukilinganisha na anacholipa mgeni, ila hawapokei keshi getini, mnapewa namba ya malipo mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo salio liwepo kwenye simu kabla hamjaanza kupanda maana netiweki ya juu inakuja na kuondoka. Ingieni asubuhi mapema, ukiingia saa kumi jioni umejiibia mwenyewe. Vitambulisho mbebe. Bei za sasa hivi waulizeni ofisi ya hifadhi kwa simu kabla ya safari, na ulizeni pamoja na ya askari wa kuwaongoza na ya kambi, msishtukizwe.

Kinachokula hela sio hifadhi ni gari la kupanda na kuzunguka juu, hifadhi yote ni kilomita za mraba mia nne na kitu. Hapo mna njia mbili, mkodi gari moja mgawane, au mpande na usafiri wa wenyeji mpaka Matamba mlale gesti za pale, asubuhi mtembee na mwongozaji kuanzia upande wa karibu. Kwa wanafunzi watano mi naona ya pili. Chakula nunueni Matamba, viazi vipo na ni vizuri, nyie bebeni karanga, zabibu kavu za nyumbani Dodoma, na unga wa uji. Ubuyu pia, wa kule hawana mtawauzia mrudishe nauli.

Na radi, hili naliweka peke yake. Mvua za kule zinapenda kuja mchana, na uwanda ni wazi, wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote hapo. Anzeni kutembea saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa saba muwe mmerudi au mko karibu na gari. Mkisikia ngurumo mko mbali, shukeni bondeni, achaneni umbali kati ya mtu na mtu, mwavuli fungeni, msijikusanye chini ya mti mmoja uliosimama peke yake. Chuchumaa miguu ikiwa pamoja, subiri ipite. Ukungu ukishuka ni hivyo hivyo, simameni, msitafute njia kwa kubahatisha, ndo maana nasisitiza mwongozaji.

SWALI: Kuna simba?
*Msomaji, Nkuhungu*

JIBU: Hamna simba wala tembo, ndo maana unatembea kwa miguu yako. Kuna ndege wa kutosha, akiwemo tandawala, na mbayuwayu wa buluu ambao wanakuja kuzaliana kipindi cha mvua, watu wanatoka Ulaya kumfuata huyo mbayuwayu. Kwenye msitu wa Livingstone pembeni ya uwanda kuna mbega na kuna kipunji, nyani mdogo mwenye nywele zimesimama kichwani ambaye wanasayansi walimtangaza 2005 tu, mwaka uliofuata wakagundua ni wa jenasi (kundi la viumbe ndugu) yake peke yake. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamjua siku nyingi, ndo hao waliowashtua watafiti. Kumuona ni bahati, na usimlipe mtu anayekuhakikishia.

SWALI: Mke wangu anapenda sana maua, nataka nimletee mche mmoja wa okidi au viwili nipande nyumbani. Hapo ntakuwa nimekosea?
*Mpenda maua, Kisasa*

JIBU: Ndiyo, na unaweza kushtakiwa. Hifadhini hutoi hata jani. Tena okidi ndo kitu cha mwisho kugusa, kwa sababu kabla ya hifadhi kuanzishwa vile viazi vyake vilikuwa vinachimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia, kule vinatwangwa na karanga vinapikwa chikanda, chakula kinachopendwa sana, na biashara ilikuwa ya mamilioni ya viazi kwa mwaka. Ukiking'oa kiazi mmea umekwisha, hauchipui tena. Watu wa Makete waliokuwa wanaishi kwa hiyo biashara walikatazwa, sasa wewe uje na gari kutoka Dodoma uchukue viwili vya mapambo, hapo kaka hata kama sheria isingekuwepo mi ningekusema.

Alafu Kisasa isingeota. Huo mmea unataka ukungu na baridi ya usiku, wewe una joto na maji ya mgao. Mpeleke mke wako akayaone yalipo, si itakuwa zawadi kubwa zaidi.

SWALI: Nimesikia Kitulo zamani ilikuwa na jina la mzungu na huyo mzungu alifia Dodoma. Ni kweli au stori za vijiweni?
*Mwalimu wa historia, Nzuguni*

JIBU: Mwalimu, hiyo ni kweli ila Dodoma mji ulikuwa bado. Ni Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza Msumbiji. Mwaka 1877 alitoka Ziwa Nyasa akapanda ile milima, na uwanda ukaja kuitwa Elton kwenye ramani za wazungu. Akaendelea kaskazini kutafuta njia ya pwani, akafika Ugogo, nchi ya Wagogo ambako baadaye Dodoma ilikuja kujengwa, akiwa na homa, akafia Usekhe Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 37. Kwa hiyo ametembea safari yenu mnayoipanga, ila kinyume na bila basi.

SWALI: Sisi wengine hatuna likizo, tuna wikendi tu. Hakuna mlima wa karibu na Dodoma wenye baridi na kutembea?
*Fundi, Chang'ombe*

JIBU: Upo, Hanang. Mita 3,417, uko Manyara juu ya mji wa Katesh, na tangu lami ya Dodoma mpaka Babati ikamilike unaweza kutoka Ijumaa ukalala Katesh. Huo sasa ni mlima wa kukwea, sio uwanda, unaondoka alfajiri kabisa na kurudi jioni miguu inakataa, kwa hiyo kama hujafanya mazoezi anza na vilima vya hapo mjini kwanza. Kipindi cha mvua kubwa usiende. Mnakumbuka Desemba 2023 matope na mawe yalivyoshuka mlimani yakaingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80, ule mlima ukilowa sana si wa kuchezea.

Ni msitu wa hifadhi kwa hiyo kibali na mwongozaji mnapata Katesh kabla ya kupanda, kamilisheni hilo Ijumaa jioni kama mtawahi ofisi, la sivyo Jumamosi mtaanza kupanda saa nne na mtageuzwa kabla ya kileleni. Maji bebeni yote kutoka chini, lita nne kila mtu, huko juu hakuna pa kuchota.